Dakika Tisa za The Knife, na Sitaki Ziishe

Acha kila unachofanya! The Knife wana kibao, "Full of Fire", dakika tisa na ushee, na hakuna hata moja ya kutupa.

Ndugu hawa wawili wa Sweden, Karin na Olof Dreijer, walituacha na kiu tangu albamu ya Silent Shout, 2006. Katikati wakatupa opera kuhusu Charles Darwin (ndiyo, opera), Karin naye akajitenga kidogo kwa jina la Fever Ray. Januari 2013 wakarudi pamoja tena, na walikuwa na hasira.

Aliyekuja kutafuta "Heartbeats" nyingine, ile yao tamu ya kuimbia bafuni, ajiandae. Biti inaingia kwa kishindo, chafu, imekwaruzwa makusudi. Kiitikio cha kukubembeleza hakipo. Juu ya biti inamwagwa milio ya sintesaiza inayolia, inayopinda, inayozama sikio hili na kuibukia lile. Ukidhani umeizoea tu, kitu kinahama. Dakika ya sita nilikuwa nimeshasimama, kichwa kinatikisika chenyewe.

Halafu sauti ya Karin! Inashushwa mpaka inakuwa nzito ya kiume, inapandishwa mpaka inakuwa kilio, mara inakatikakatika kama redio inayotafuta stesheni. Wala si mbwembwe za studio. Wimbo unauliza: kati ya mabwana wote hawa, nani ataandika habari zangu? Nani wa kuuliza swali hilo vizuri zaidi ya sauti ambayo huwezi kuapa ni ya mwanamume au ya mwanamke? Na mwishoni, kwa utundu mtupu, anaichokoza "Let's Talk About Sex" ya Salt-N-Pepa, ile ya 1991, na kuligeuza gumzo liwe la jinsia. Nilicheka kwa sauti.

Siasa hii ya jinsia si ya jana. Hawa ndio waliosusia sherehe za tuzo za muziki za Sweden, Grammis, mwaka 2003, wakatuma watu waliovaa kama masokwe kupinga wanaume kuuhodhi muziki. Lebo ni yao wenyewe, Rabid, kwa hiyo hakukuwa na bosi wa kuwaambia wafupishe ili redio ipige.

Kuna filamu fupi ya wimbo huu pia, ya Marit Östberg. Ila usiifungue mbele ya wakwe.

Albamu, Shaking the Habitual, ilitoka Aprili 2013. Wewe tafuta spika yenye besi ya maana, muombe jirani radhi mapema, kisha ubonyeze tena.