Mkono Unaogeuza Gamba

Mwalimu mmoja mstaafu hapa Same ana hadubini ya zamani, ile ya kuelekezea kioo kwenye mwanga wa dirisha. Akiletewa kuvumwani kutoka msitu wa Chome, hulikamua kwenye kisosi, akachukua tone moja, na asubuhi yake imeishia hapo.

Anachotafuta ni amiba, wala si yule wa vitabu vya sekondari, uchi na asiye na umbo. Hawa wana nyumba, yaani gamba. Difflugia huokota chembe za mchanga akazibandika moja moja, kama mwashi asiyevumilia ufa. Euglypha hutengeneza vigae vyake mwenyewe kwa madini ya silika, vikalaliana safu kwa safu. Nebela ni mwizi: vigae vyake vingi ni vya aliowala.

Lakini utamu uko mkononi mwa mwalimu. Gamba la Arcella, amiba mwingine wa aina hiyo, ambalo upana wake ni kama sehemu ya kumi ya milimita, ukilitazama kwa juu ni duara lenye tundu katikati. Wengi huridhika hapo. Yeye hushika sindano akagusa kioo chembamba kinachofunika tone, kidogo tu. Maji yanatikisika, gamba linabiringika na kulala ubavu. Ndipo unapoona kama limeinuka mfano wa kuba au limebonyea mfano wa sahani, na huo ubavu ndio unaotenga Arcella huyu na yule. Anagusa tena. Linalofuata lina mdomo uliosogea pembeni, na miiba nyuma: Centropyxis. Hasemi kitu mpaka amelichora kwa penseli, juu na ubavu.

Ndivyo walivyofanya wakubwa wa kazi hii. Joseph Leidy wa Philadelphia alitoa kitabu chake mwaka 1879 kikiwa na kurasa 48 za picha, na hadi leo macho hayajachoka kuzitazama.

Siku hizi simu inawekwa kwenye lenzi, picha moja inapigwa, jina linatolewa kabla chai haijapoa. Vipimo vya vinasaba navyo vimekuja, na vina haki yake; ila gamba tupu, ambalo mwenyewe alikufa zamani, mara nyingi halina cha kupimwa isipokuwa umbo lake. Nani atalisoma? Daftari za mwalimu zimejaa michoro na hakuna kijana aliyeziomba. Kilele cha Shengena, katika msitu huo huo wa Chome, wanapanda wengi, mita 2,463, wakikanyaga kuvumwani lile lile, wanajipiga picha kileleni na kushuka.