Kilicholetwa na Mto, na Kilichokuwepo Swanscombe

Juni 1935, daktari wa meno wa London aitwaye Alvan Marston aliokota kipande cha mfupa katika machimbo ya kokoto ya Barnfield, huko Swanscombe, jimbo la Kent, kusini mwa mto Thames. Kilikuwa kisogo cha binadamu. Machi mwaka uliofuata akapata kipande cha pili, cha upande wa kushoto wa kichwa, na viwili hivyo vikaungana mshono kwa mshono. Mwaka 1955 John Wymer alichimba palepale akakuta cha tatu, cha upande wa kulia. Nacho kikaingia. Ilichukua miaka 20 kuikusanya nyuma ya kichwa cha mtu mmoja, ambaye wataalamu wengi wanadhani alikuwa mwanamke.

Fuvu likapata umaarufu, na mashoka ya mkono yaliyotoka machimbo hayohayo yakajaza makabati ya makumbusho. Lakini fuvu halisemi liliishi lini. Kipimo cha kaboni hukoma kwenye miaka 50,000 hivi, na hapa inazungumzwa miaka 400,000. Shoka nalo ni bubu: gumegume lilitokea ndani ya chokaa enzi za dainosaria, kwa hiyo ukilipima jiwe utapata umri wa jiwe, si wa mkono uliolichonga. Umri wa Swanscombe, hali yake ya hewa, miti yake na wanyama wake vimesomwa katika udongo uliozunguka vitu hivyo. Na udongo wa mtoni una matata yake. Mto ni mchukuzi; hubeba, huchanganya, hutupa. Ndiyo maana kila kitu kinachotoka kwenye kokoto za Thames huulizwa kwanza swali moja: kililetwa, au kilikuwepo?

Hatua ya kwanza ilikuwa kuuelewa mto wenyewe. Miaka ipatayo 450,000 iliyopita barafu nene ilishuka kutoka kaskazini hadi viungani mwa ilipo London leo. Thames wa wakati huo ulipita kaskazini zaidi. Barafu ikaiziba njia yake na kuusukuma kwenye bonde unamopita sasa. Kwa hiyo hakuna kokoto ya Thames pale Swanscombe inayoweza kuwa kongwe kuliko barafu hiyo. Tangu hapo ardhi ya kusini mwa Uingereza imekuwa ikiinuka polepole, na baridi na joto zilivyopokezana, mto ulichimba chini zaidi na kuacha sakafu zake za zamani zikiwa pembeni, moja juu ya nyingine. Hizo ndizo zinazoitwa vidato vya mto. Kidato cha juu ndicho kikongwe, kinyume na mazoea ya tabaka za ardhi. Ukiingia ndani ya kidato kimoja, kanuni inarudi kama kawaida: cha chini kilitangulia.

David Bridgland, mwanajiolojia aliyevipanga vidato hivyo katika kitabu kikubwa cha mwaka 1994, alionyesha kuwa vinne kati yake vinabeba mabaki ya vipindi vinne tofauti vya joto. Cha Swanscombe kipo juu, zaidi ya mita 20 kutoka usawa wa bahari. Chini yake kinakuja cha Purfleet, kisha cha Aveley, kisha kile kilicholala chini ya katikati ya London yenyewe.

Hicho cha mwisho kina kisa ambacho msomaji wa Afrika Mashariki hawezi kukipita. Mafundi walipochimba misingi ya majengo kuzunguka Trafalgar Square walikuta mifupa ya simba, tembo na viboko. Viboko katika Thames, miaka 125,000 iliyopita! Kwa mchambuzi, viboko hao wana kazi zaidi ya kushangaza watu. Katika vipindi vitatu vya joto vilivyotangulia, kikiwemo cha Swanscombe, kiboko hakuonekana Uingereza. Akipatikana kwenye kokoto za Thames, moja kwa moja inajulikana zinahusu kipindi gani. Cha ajabu, katika kipindi hicho cha viboko hapakuwa na watu Uingereza.

Turudi Barnfield. Ukuta wa machimbo unaonyesha mfuatano ulio wazi. Chini kabisa kuna kokoto za mto wenye nguvu. Juu yake udongo laini wa tope na mchanga, dalili kwamba mkondo ulitulia na maji yakawa yanafurika na kurudi. Kisha kokoto tena, na mchanga, hadi kwenye tabaka lililotoa fuvu. Kwa kawaida mazingira ya kale husomwa kwa chavua ya mimea, na katika matope ya ziwa la kale la Hoxne, jimbo la Suffolk, Richard West aliweza mwaka 1956 kufuatilia msitu ukizaliwa, ukikomaa na kufifia katika kipindi hichohicho cha joto. Kokoto za mto lakini hupitisha hewa, na hewa huila chavua. Swanscombe ilibidi itafutiwe shahidi mwingine.

Shahidi huyo alikuwa konokono. Mwaka 1971 Michael Kerney alichapisha uchambuzi wa makombe ya konokono wa Barnfield, tabaka baada ya tabaka. Kazi yenyewe ni ya subira: sampuli ya udongo inachukuliwa kwa kipimo kilekile kutoka chini kwenda juu, inalowekwa, inaoshwa juu ya chekecheo lenye matundu madogo mno, inakaushwa, halafu mtu anakaa na darubini na brashi nyembamba akitenganisha spishi moja na nyingine na kuhesabu. Uzuri wa konokono ni kwamba hawana safari ndefu na wanachagua sana mahali pa kuishi. Kuna wa maji yaendayo kasi, wa vidimbwi vyenye majani, wa kinamasi, wa chini ya magogo yenye kivuli, wa nyasi kavu za jua. Idadi zao zikipanda na kushuka, zinaonyesha kingo za mto zikibadilika.

Kerney akaona jambo la pili. Katika tabaka za juu zaidi wanaingia konokono wageni, akiwemo mmoja ambaye leo makao yake ni bonde la mto Danube. Konokono wa maji baridi havuki bahari. Maelezo yaliyokubalika ni kwamba wakati huo Thames na Rhine iliunganika mahali fulani kwenye nchi ambayo sasa iko chini ya Bahari ya Kaskazini. Wageni hawa watatuhusu tena.

Umri nao ulipatikana kwa konokono, tena kwa sehemu yake ndogo. Jamii ya Bithynia huziba mlango wa kombe lake kwa kifuniko kigumu, kidogo kuliko ukucha wa kidole cha mwisho. Kombe lenyewe huharibika kwa muda, ila kifuniko kimeumbwa kwa aina ya chokaa iliyo imara zaidi, na ndani ya fuwele zake kumenaswa protini za mnyama. Kirsty Penkman na wenzake walivisaga vifuniko hivyo, wakavilowesha saa 48 katika dawa ya kung'arisha, jamii ya jiki, ili kuua uchafu wote ulioingia kutoka nje, kisha wakapima asidi amino zilizobaki. Kiumbe kikiwa hai, asidi hizo karibu zote huwa za umbo la kushoto. Kikifa, polepole zinageuka kuwa za kulia. Uwiano wa kulia kwa kushoto ukiwa mkubwa, miaka ni mingi. Mpangilio uliochapishwa mwaka 2011 uliviweka vidato vya Thames katika safu ileile ambayo wanajiolojia walikuwa wameipata kwa kupima mwinuko. Njia mbili zisizojuana zikafika mlango mmoja.

Kuhusu wanyama wakubwa itoshe kusema walikuwepo tembo wa pembe zilizonyooka, vifaru, simba, dubu, kulungu wenye miili mikubwa kuliko wa leo, na hata nyani wa jamii ambayo sasa inaishi Morocco na Algeria. Palikuwa na joto la kuwatosha na msitu wa kuwalisha.

Lakini mfupa waweza pia kudanganya. Mwaka 1888, hapohapo Swanscombe, mahali paitwapo Galley Hill, ilipatikana mifupa ya mtu mwenye sura ya kisasa kabisa, na kwa miaka mingi baadhi ya wanazuoni walidai naye ni wa enzi za mashoka. Mwishoni mwa miaka ya 1940 Kenneth Oakley alitumia kipimo cha florini, kemikali ambayo mfupa hunyonya kidogokidogo kutoka kwenye maji ya ardhini. Mifupa iliyolala pamoja muda mmoja inapaswa kuwa na kiasi kinachokaribiana. Fuvu la Marston lilikuwa na florini nyingi kama mifupa ya wanyama wa tabaka lake. Mtu wa Galley Hill alikuwa nayo kidogo sana: alikuwa amezikwa baadaye, kaburi likatobolewa ndani ya kokoto za kale. Mfupa wa kwanza ulikuwepo. Wa pili uliletwa, na watu, si na mto.

Mawe nayo yanaulizwa vivyo hivyo. Kibanzi cha gumegume kilichosombwa na maji hupoteza makali, matuta yake yakawa mviringo na uso ukajaa mikwaruzo. Kilichoachwa kilipodondoka bado kinaweza kukata kidole. Katika udongo laini wa Barnfield, uchimbaji ulioongozwa na John Waechter kati ya 1968 na 1972 ulifikia mahali ambapo mtu aliketi akapasua mawe. Vibanzi viliweza kurudishwa kimoja baada ya kingine juu ya jiwe vilikotoka, hadi mpangilio wa mapigo ukaonekana: aligonga hapa, akaligeuza jiwe, akatumia kovu la pigo la kwanza kama jukwaa la pigo la pili. Mto wenye nguvu usingeacha vipande hivyo pamoja.

Sasa kuna fumbo. Tabaka za chini za Swanscombe zina vibanzi na mawe mama tu, bila shoka la mkono hata moja la kuaminika. Mashoka yanaanza juu, karibu na pale wanapotokea wale konokono wa Rhine. Ufundi wa vibanzi bila mashoka umepewa jina la Clacton, mji wa pwani ya Essex, ambako mwaka 1911 ilipatikana ncha ya mkuki wa mti. Hukohuko, Jaywick, mwaka 1934 alichimba msichana aitwaye Mary Nicol. Ni yule ambaye Watanzania wanamfahamu kama Mary Leakey wa Olduvai.

Je, walikuwa watu wawili tofauti, waliofika kwa zamu? Au ni watu walewale waliofanya kazi zisizohitaji shoka, au waliokosa mawe mazuri? Mwaka 2004, kwenye kazi za reli ya mwendokasi karibu na Ebbsfleet, jirani na Swanscombe, timu ya Francis Wenban-Smith ilichimba tembo mmoja akiwa amezungukwa na vibanzi vya gumegume, vingine vikiunganika, vyote vikiwa na makali yake. Hakuna shoka. Kwenye kokoto zilizo juu yake mashoka yapo. Hapo hoja ya kazi tofauti inayumba, kwa kuwa kuchuna mnyama mkubwa ndiyo hasa kazi ambayo watu wa Boxgrove, eneo jingine la kale la Uingereza, miaka 500,000 iliyopita, waliifanya kwa mashoka juu ya farasi. Hoja ya uhaba wa mawe mazuri nayo haisimami Kent, nchi ya chokaa iliyojaa gumegume. Inabaki ile ya wageni waliokuja baadaye, na kati ya zote ndiyo inayokaa vizuri zaidi na konokono wa Kerney: nchi kavu ile ile iliyounganisha mito miwili ilikuwa pia njia ya miguu.