Kabla Hujabadili Mota

Mchagua jembe si mkulima, husema watu, na methali hii hutupiwa sana wenye mashine ndogo za kuchonga chuma, wale wanaomaliza jioni nzima wakibishana kuhusu mota ilhali meza ya mashine imelala. Mimi niko upande wao. Anayechagua jembe kwa kupima tayari yuko kazini. Ushahidi wangu ni swali linalomfikia karibu kila mtu mwenye mashine ya nyumbani ya CNC, yaani inayoongozwa na kompyuta: nibadilishe mota na draivu zake, au niziache?

Tuchukue X2, mashine inayotengenezwa na Sieg wa Shanghai na kuuzwa kwingi chini ya majina na rangi mbalimbali. Ilizaliwa ya mkono, na gurudumu la kuzungusha kwenye kila mhimili. Wapenzi wa ufundi huyang'oa magurudumu, wakafunga mota za hatua, draivu za kuzilisha umeme, pawa saplai na kompyuta yenye programu kama LinuxCNC, ambayo ni ya bure na asili yake ni kazi ya NIST, taasisi ya vipimo ya serikali ya Marekani. Meza inapoanza kutembea yenyewe, mwenye mashine hujiona mfalme. Halafu anaona picha za mashine ya mwenzake inayokimbia mara tatu zaidi, na usingizi unamtoka.

Mota ya hatua ni kitu cha ajabu kwa unyenyekevu wake. Mzunguko mmoja imeugawa hatua 200, kila hatua nyuzi 1.8, nayo hupiga hatua kila inapopokea mpigo wa umeme. Lakini haina jicho. Inafanana na mtu anayevuka chumba chenye giza kwa kuhesabu hatua: akijikwaa njiani ataendelea kuhesabu, na atanyoosha mkono kushika kitasa mahali ambapo hapana mlango. Mashine ya kwanza ya kuchonga iliyoongozwa kwa namba haikuwa hivyo. Wazo lilikuwa la John Parsons, aliyetafuta njia ya kupata maumbo sahihi ya mapanga ya helikopta, na lilipofika maabara ya MIT na kuonyeshwa hadharani mwaka 1952 juu ya mashine kubwa ya Cincinnati, mihimili ilikuwa ikirudisha taarifa ya mahali ilipo. Kabati la vidhibiti lilichukua nafasi kubwa kuliko mashine yenyewe. Jicho lile liliachwa baadaye na mashine za nyumbani kwa sababu ya bei, na leo linarudi kwa jina la sevo na mota za hatua zenye enkoda.

Basi mashine ikikosea, nani amekosea? Hapa ndipo ufundi ninaousifu unapokaa, na chombo chake ni geji ya saa ya kupimia, kile kidude cha duara chenye mshale. Unaigusisha kwenye meza, unaweka sifuri, unaipa mashine safari ndefu za kwenda na kurudi kwa kasi ile inayokutia shaka, kisha unairudisha pale pale na kusoma mshale. Kosa la ulegevu wa skrubu inayosogeza meza hutokea kila meza inapogeuza mwelekeo, na ukubwa wake ni ule ule leo na kesho, haliongezeki. Kosa la mota hujilimbikiza. Tena lina alama yake: mota ya hatua ikipotea, haipotei kwa kiasi chochote tu, hujinasa tena kwenye nafasi ya sumaku inayofanana na ile iliyoikosa, na nafasi hizo zimeachana hatua 4. Kwa skrubu inayosogeza meza milimita 2 kwa mzunguko, hatua 4 ni milimita 0.04. Ukisoma 0.04, 0.08 au 0.12, mota imekiri yenyewe. Ukisoma 0.1 ile ile kila mara unapogeuza, hata mota ya bei ya ng'ombe haitakusaidia. Kaza vibao vinavyobana meza kwenye reli zake, angalia nati, au weka fedha zako kwenye skrubu ya gololi. Nimewahi kuona watu wenye akili nzuri wakiruka jaribio hili kwa sababu tu halina sanduku la kufungua.

Tuseme mota imekiri. Bado haijawa sababu ya kununua nyingine. Namba kubwa inayoandikwa kwenye tangazo la mota ni nguvu ya kushikilia, nayo hupimwa mota ikiwa imesimama. (Ningependa kumjua aliyeamua kuuza kitu cha kuzunguka kwa sifa yake ya kusimama.) Ikizunguka, nguvu hushuka, kwa kuwa koili hukataa mkondo kubadilika ghafla. Chukua koili ya milihenri 3 inayotaka ampea 3, na pawa saplai ya volti 24. Kuugeuza mkondo kutoka upande mmoja hadi wa pili huchukua karibu milisekunde 0.75, bila hata kuhesabu umeme ambao mota inayozunguka huuzalisha na kuusukuma kinyume. Sasa itake meza iende milimita 1500 kwa dakika: skrubu yetu izunguke mara 750, na mkondo ugeuzwe kila milisekunde 0.8. Koili haijashiba, imeshaambiwa igeuke. Weka volti 48 na muda ule unapungua nusu. Mota ni ile ile. Mariss Freimanis wa Geckodrive aliwapa watu wa kazi hii kanuni yao: kipeuo cha pili cha milihenri za koili, zidisha kwa 32, hiyo ndiyo volti ya juu unayostahili kuilisha mota. Kwa koili yetu ni kama 55. Ndiyo maana anayekimbilia mota nene, huku akibaki na volti zile zile, mara nyingi hupata mashine yenye nguvu zaidi ikiwa imesimama na dhaifu zaidi ikikimbia, kwani mota nene huja na rota nzito na aghalabu koili kaidi zaidi.

Kuna hesabu nyingine ambayo ingepaswa kutangulia, nami nimeichelewesha kwa sababu huharibu raha ya mazungumzo. Spindeli ya X2 hufika mizunguko 2500 kwa dakika. Kisu cha milimita 6 chenye meno mawili, kikila aluminiamu kwa milimita 0.03 kila jino, kinataka meza itembee milimita 150 kwa dakika. Hizo ni mizunguko 75 tu ya skrubu yetu, mahali ambapo hata mota ya volti 24 bado ina nguvu zake karibu zote. Kasi ya 1500 itatumika kisu kikiwa hewani, kikihama kutoka shimo hadi shimo. Kwa mchonga chuma, hapo hakuna cha kubadili.

Ila akifunga spindeli ya mizunguko 24000 ili achonge mbao na plastiki, kisu kile kile kitadai milimita 1440 kwa dakika kikiwa ndani ya kazi, na mota inayojikwaa hapo hufuta saa nzima ya kuchonga. Huyo anunue. Aanze na pawa saplai ya volti 48, na draivu zinazoihimili ikiwa zake haziiwezi, arudie safari zile za geji kwa kasi mpya, na mota aziguse tu iwapo mshale utaendelea kuruka kwa 0.04.