Gesi ya Friji Haiishi, Inavuja

Friji likianza kutoa maji ya uvuguvugu, utambuzi wa kwanza mitaani Kunduchi ni uleule: gesi imeisha. Fundi anaitwa, anakata bomba la kujazia, anajaza, anapokea hela yake. Wiki chache baadaye vibua vinanuka tena kwenye friza, na mama aliyekuwa akiuza barafu na maji ya baridi barazani anarudi pale pale alipoanzia.

Gesi ya friji haitumiki ikaisha kama ile ya mtungi wa jikoni. Inazunguka ndani ya mabomba yaliyofungwa: kompresa inaisukuma ikiwa ya moto, inapoa kwenye nyavu za nyuma na kuwa kimiminika, inapita kwenye kibomba chembamba, kisha inachemka ndani ya friza na kufyonza joto la chakula. Ikipungua, ipo sehemu inavuja. Tundu hilo lisipozibwa, gesi mpya itatokea palepale ilipotokea ya zamani.

Ndiyo maana fundi makini huiweka gesi kuwa mtuhumiwa wa mwisho. Swali lake la kwanza halihitaji hata bisibisi: juu kunaganda na chini hakupoi, au hakuna ubaridi popote? Kama juu kunaganda vizuri, gesi ipo. Katika mafriji yasiyojaza barafu, baridi hutengenezwa nyuma ya ukuta wa friza na kusukumwa chini na feni. Hita ya kuyeyusha barafu ikiungua, barafu hujijenga nyuma ya ukuta huo, njia ya hewa huziba, na rafu za chini hubaki na joto. Kulizima friji siku nzima milango ikiwa wazi huthibitisha jambo hili: likiwashwa linapoza kwa siku kadhaa, halafu tatizo linarudi. Hapo kinachotafutwa ni hita au kidhibiti chake.

Kama hakuna ubaridi popote, sikio linafuata. Kompresa inayonguruma sekunde chache, ikalia "tik" na kunyamaza, kisha ikarudia baada ya dakika kadhaa, imeshindwa kuanza. Huenda rilei imekufa, huenda umeme ni mdogo. Umeme wa majumbani Tanzania ni volti 230, lakini saa za jioni, kwenye nyumba iliyo mwisho wa laini ndefu, mita ya fundi inaweza kusoma chini sana ya hapo. Kipimo hicho kichukuliwe jioni tatizo linapotokea, maana asubuhi kinadanganya. Umeme ukikatika na kurudi papo hapo, mgandamizo ndani ya mabomba unakuwa haujasawazika na kompresa inalazimishwa kuanza ikiwa imebanwa. Kile kifaa cha kulinda friji kinachouzwa kwenye maduka ya umeme huchelewesha kuwaka kwa dakika chache kwa sababu hiyo hiyo.

Kuna mafriji yanayotibiwa na hali hayaumwi. Kibandiko cha ndani huwa na herufi zinazotaja hali ya hewa ambayo friji limeundiwa: N ni kwa chumba cha nyuzi 16 hadi 32, ST hufika 38, na T, ya nchi za joto, hufika 43. Friji la mtumba kutoka Ulaya lenye N, likisukumwa kwenye kona ya jiko mwezi wa Februari, karibu na moto wa kupikia na mgongo umegusa ukuta, litafanya kazi mfululizo bila kufika nyuzi 4 zinazotakiwa. Dawa yake ni nafasi ya hewa nyuma, kufuta vumbi kwenye nyavu na kukagua mpira wa mlango. Noti ikibanwa mlangoni na ikachomoka bila kukaza, mpira umelegea.

Hata hivyo, uvujaji upo kweli, na Kunduchi una sababu zake. Upepo wa bahari na wa mashamba ya chumvi unakula mabomba ya chuma ya nyuma, hasa kwenye maungio. Sababu nyingine ni kisu. Mtu anachokonoa barafu ili ang'oe samaki, ncha inatoboa alumini ya friza, na sauti ya "shiii" inamaliza kazi. Dalili za gesi pungufu ni bayana: kompresa haizimi, nyavu za nyuma hazipati joto, na barafu inashika kipande kidogo tu cha friza.

Hapa ndipo aina ya gesi inapobadilisha kazi yote. R12 iliondolewa kufuatia Mkataba wa Montreal wa 1987 kwa kuharibu tabaka la ozoni. R134a iliyoirithi inapasha dunia joto, nayo ikawekewa ukomo kwa makubaliano ya Kigali ya 2016. Mafriji mengi mapya yana R600a, inayowaka moto. Hii huchemka kwenye nyuzi 11.7 chini ya sifuri katika mgandamizo wa kawaida wa hewa, na kwa kuwa friza hufanya kazi kwenye baridi kali zaidi, upande huo mgandamizo unakuwa chini ya ule wa nje. Tundu la huko halitoi gesi friji likiwa linafanya kazi. Linavuta hewa yenye unyevu. Ukipaka povu la sabuni hutaona kitu. Ni lazima friji lizimwe, gesi itolewe nje penye hewa mbali na moto, mabomba yajazwe naitrojeni, ndipo povu litaonyesha.

Tundu likizibwa, kichujio kinabadilishwa, pampu inavuta hewa na unyevu wote, na gesi inapimwa kwenye mizani kwa gramu zilizoandikwa kwenye kibandiko. R600a mara nyingi ni gramu chache tu, hamsini au sitini. Fundi anayekadiria kwa mkono, kama alivyozoea kwenye R134a, anajaza kupita kiasi na friji linashindwa kupoza upya. Kabla ya hela kutoka mfukoni, mwenye nyumba ana haki ya kuuliza mambo mawili: tundu lilikuwa wapi, na mizani ilisoma gramu ngapi.