Juu ya nini Padri Landu aliingia msituni?



Kila mara ninaposoma na wanafunzi kitabu cha V. Y. Mudimbe kiitwacho Entre les eaux, ninawapa ulizo moja: «Juu ya nini Padri Pierre Landu aliacha parokia na kuwafuata waasi?» Na kila mara ninapata majibu mawili. Wengine wanaandika: «Alipoteza imani.» Wengine: «Alipenda maskini.» Yote mawili ninayatia wino mwekundu. Ninataka kueleza sababu, maana sisi mapadri na makatekista tunaanguka mara nyingi katika kosa lile lile.

Tukumbuke kwanza hadisi yenyewe. Kitabu kilitoka Paris mwaka 1973. Landu ni padri Mwafrika, mtu wa masomo, aliyesomeshwa mpaka Roma. Anaona Eklezya imeshikamana na wenye nguvu. Basi anaingia msituni, akidhani atamkuta Kristu pale walipo wanyonge. Huko anamwandikia Askofu wake barua. Barua inakamatwa, waasi wanamhukumu kufa. Askari wa serikali wanashambulia, naye anapona. Kisha anaoa, mwishowe anamwacha mke na kuingia monasteri.

Sasa tuulize: nani anatusimulia hayo yote? Ni Landu mwenyewe. Mwandishi amemwachia aseme «mimi» tangu mwanzo mpaka mwisho. Mwanafunzi anayejibu «alipenda maskini» ameandika tu neno lililotoka kinywani mwa mshitakiwa. Na yule anayejibu «alipoteza imani» amekata hukumu bila kusikiliza mashahidi. Mmoja anaamini upesi, mwingine anahukumu upesi. Wote wawili hawakusoma.

Mashahidi ni matendo. Tuangalie ile barua. Mtu aliyepoteza imani, anamwandikia Askofu ya nini, tena mahali ambapo barua inaweza kumwua? Na mtu anayeishi kwa ajili ya maskini peke yake, juu ya nini mawazo yake yanarudi kila mara kwake mwenyewe, kwa usafi wake na lawama zake? Tena tuhesabu: ameacha parokia, ameacha vita, ameacha nyumba ya ndoa. Mimi ninaona kwamba Landu anatafuta mahali ambapo hatakuwa na kosa, na mahali hapo hapapati. Mwanafunzi anaweza kunipinga, nami nitafurahi, lakini anionyeshe ukurasa.

Lakini mwandishi naye, amechagua nini? Chini ya jina la kitabu ameweka maneno matatu: Mungu, padri, mapinduzi. Padri amewekwa katikati, kama mtu asimamaye kati ya maji mawili. Tena Mudimbe hakutuletea msimulizi mwingine wa kutuambia nani ana haki. Ametuachia kazi hiyo sisi wasomaji. Ndiyo sababu ninakataa neno la wale wasemao: «Mudimbe anajisimulia mwenyewe.» Mudimbe, aliyezaliwa Likasi mwaka 1941 na kufariki Marekani mwaka 2025, alikuwa mtawa wa Mtakatifu Benedikto katika Rwanda akiwa kijana, kisha akatoka, akawa mwalimu wa universite. Landu anamalizia monasterini. Mudimbe alianzia huko. Njia zao zinapishana. Bila shaka mwandishi alijua vizuri ukimya wa nyumba ile, lakini kujua jambo na kulikiri kama dhambi yako si kitu kimoja.

Pengine katekista mmoja ataniuliza: «Padri, hayo ni ya shule, yananihusu nini?» Yanakuhusu, ndugu yangu. Hapa kwetu Vulamba, waasi wa 1964 walifika mpaka Butembo. Na tangu Oktoba 2014 tumeona mauaji yaliyoanza upande wa Beni. Vijana wetu wengine wameingia msituni, na wengine wanarudi. Kijana anaketi mbele yako, anasema: «Nilikwenda kutetea kijiji.» Jirani zake wanasema: «Alikwenda kuiba.» Ukiamini upesi, unaweza kuwaumiza walioibiwa. Ukihukumu upesi, unaweza kumrudisha msituni. Mtakatifu Inyasi wa Loyola, mwanzoni mwa Mazoezi yake ya kiroho, anatufundisha tuwe tayari kulipokea neno la mwenzetu kwa maana njema kuliko kulihukumu. Na kama hatuwezi, tumwulize yeye analielewa namna gani. Ni sheria nzuri ya kusoma kitabu pia.

Basi, kwa mtihani ujao nimewaambia wanafunzi wangu waandike mambo matatu: Landu anasema nini, Landu anafanya nini, na kati ya hayo mawili kuna umbali gani. Alama nyingi ziko kwa lile la tatu.