Jibu Lilikuwa Nje ya Uvimbe

Mgonjwa aliyetolewa uvimbe wa saratani ya ini huwa na swali moja kubwa: je, itarudi? Mara nyingi hurudi. Ndani ya miaka 5 baada ya upasuaji, hadi wagonjwa 7 kati ya 10 hukutwa na saratani tena. Waliotafuta viashiria vya kutabiri hatari hiyo walizoea kuuchunguza uvimbe wenyewe. Mwaka 2008, utafiti wa Yujin Hoshida, Todd Golub na wenzao uliochapishwa katika New England Journal of Medicine ulitafuta jibu pembeni yake.

Kikwazo cha kwanza kilikuwa hali ya tishu. Upimaji wa jeni nyingi kwa pamoja ulitegemea tishu zilizogandishwa, na hospitali nyingi hazina akiba hiyo. Zilicho nacho ni vipande vilivyolowekwa katika formalini na kufunikwa kwa nta. Formalini hutunza umbo la seli, lakini huikatakata RNA, ambayo ndiyo huonyesha jeni zipi zinafanya kazi. Watafiti wakatumia mbinu ya DASL, inayotambua jeni kwa kusoma kipande kifupi tu cha RNA. Wakapima jeni takriban 6,000, na asilimia 90 ya sampuli zikasomeka, zikiwemo zilizokaa zaidi ya miaka 24. Kwa kuwa tishu zilikuwa za zamani, yaliyowapata wagonjwa yalikwisha kujulikana. Hakukuwa na haja ya kusubiri miaka mingine.

Kisha likaja tokeo lenyewe. Jeni za uvimbe hazikuonyesha uhusiano wa maana na uhai wa wagonjwa. Jeni za ini lililouzunguka ndizo zilizoonyesha. Mpangilio wa jeni 186 uliopatikana kwa wagonjwa 82 wa Japani ulijaribiwa kwa wengine 225 wa Marekani na Ulaya, ukathibitika.

Sababu yake inaeleweka tukitenganisha aina mbili za kurudi kwa saratani. Inayorudi ndani ya miaka 2 kwa kawaida hutokana na seli za uvimbe wa awali zilizokwisha kusambaa. Inayotokea baadaye mara nyingi ni saratani mpya, iliyoota katika ini lenye makovu na uvimbeuchungu wa muda mrefu. Kung'oa gugu hakubadilishi udongo. Mpangilio ule wa jeni ulihusiana hasa na kurudi kwa baadaye. Kwa hatari ya mapema, dalili za uvimbe, kama seli zake kuingia katika mishipa midogo ya damu, zinabaki muhimu.

Kwa kuwa kipimo hiki husoma hali ya ini, hakipaswi kuhamishiwa kwingine kibubusa. Japani, chanzo kikuu cha saratani hii kilikuwa homa ya ini C. Afrika Mashariki tunapambana zaidi na homa ya ini B, pamoja na sumukuvu katika mahindi na karanga. Jeni hizo zinahitaji kupimwa kwa wagonjwa wetu kabla ya kuziamini.

Maandalizi ya kazi hiyo yako ndani ya uwezo wetu. Kila uvimbe wa ini unapokatwa, maabara ya patholojia ihifadhi pia kipande cha ini lisilo na saratani, kiwekwe namba inayosomeka, na kiunganishwe na kumbukumbu za mgonjwa kila anaporudi kliniki. Kipande kisicho na kumbukumbu hakiwezi kutabiri lolote.