Msamaha wa Januari na Mpunga Uliobaki Stoo

Kati ya makosa yote ya sera ya mchele, la Januari 2013 halina utetezi. Serikali ya Tanzania iliondoa ushuru wa asilimia 75 kwa mchele wa nje. Nia ya kumpunguzia mlaji wa mjini makali ya bei ilikuwa halali.

Lakini Januari! Mwezi huo mkulima wa Usangu yuko kwenye majaruba, maji ya magotini, anapandikiza. Mpunga wa msimu uliopita bado uko stoo Ubaruku na Igurusi, unasubiri bei ipande kabla ya mavuno mapya. Huo ndio unaolipa vibarua, mbolea na ada za shule. Mchele wa Asia ukamiminika, bei ikaporomoka, na waliokuwa wameweka mzigo, kuanzia Kyela hadi Pawaga mkoani Iringa, wakauza kwa hasara. Mkulima huyohuyo tayari ananyonywa na lumbesa, gunia linaloongezewa kichwa cha kushonea kamba na kulipwa kama gunia moja.

Kosa zito zaidi ni la kitaalamu. Vietnam, muuzaji mkubwa wa mchele, iliingia Shirika la Biashara Duniani (WTO) Januari 2007 ikikubali kuhesabiwa nchi isiyo ya uchumi wa soko hadi mwisho wa 2018. Maana yake, mchunguzi wa bidhaa za bei ya kutupa, yaani zinazouzwa chini ya thamani yake, angeweza kuweka kando bei za ndani za Vietnam, ambako kampuni za serikali za Vinafood zilikuwa na nguvu kubwa, akapiga hesabu kwa gharama za nchi mbadala. Marekani ilifanya hivyo 2003 kwa kambare wa Vietnam: ilitumia gharama za Bangladesh, ikatoza ushuru wa kati ya asilimia 37 na 64.

Tanzania ilikuwa na sheria yake ya 2004 dhidi ya bidhaa za bei ya kutupa. Ilikuwa pia na kanuni za itifaki ya forodha ya Afrika Mashariki ambayo marais Mkapa, Kibaki na Museveni waliisaini Arusha Machi 2 mwaka huohuo. Viongozi hao waliacha silaha mkononi. Waliofuata waliondoa ushuru wa kawaida bila kwanza kuchunguza kama mchele huo uliuzwa chini ya thamani yake.

Waliojenga shamba la mpunga la Mbarali, hukohuko Usangu, miaka ya 1970, wakisaidiwa na China, walianza na mifereji na kinu. Walimtazama mzalishaji kwanza.

Msamaha mwingine wa ushuru wa mchele usitangazwe kabla ya uchunguzi wa bei kufanyika na kalenda ya Usangu, Kyela na Pawaga kuwekwa mezani.